Scafell Pike: makala yenu imemfikisha msomaji juu, haikumshusha

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya utalii kuhusu Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote Uingereza ukiziweka kando Scotland na Wales, imeeleza vizuri namna ya kupanda, kisha ikaishia kileleni kwenye picha. Msomaji atakayeifuata kama ilivyo atafika juu. Ukungu ukimkuta huko, na ukungu wa milima ile hauchagui mwezi, hatajua aelekee wapi. Naomba nafasi nikamilishe kipande kilichobaki.

Nianze na muda. Kilele kina mita 978. Anayepandia Wasdale Head, kitongoji kilicho bondeni upande wa magharibi, huanza chini ya mita 100, kwa hiyo ana takriban mita 900 za kupanda, na kilomita tisa hivi za kwenda na kurudi. Kanuni ya Naismith, inayotumika tangu 1892, inatoa saa moja kwa kila kilomita tano na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Jumla ni saa tatu na dakika 18. Nadhani hapo ndipo mlipopata zile “saa tatu” zenu. Lakini kanuni hiyo haijui mapumziko, wala haijui kwamba sehemu ya juu ni majabali matupu ambayo kuyashuka hakuna wepesi wowote kuliko kuyapanda. Mtu wa kawaida ajiwekee saa tano hadi sita. Desemba, jua la huko hutoka karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi kasoro dakika kumi. Anayeliacha gari saa tano asubuhi atarudi gizani akimulika kwa simu, na simu hiyo hiyo ndiyo aliyokuwa anaitegemea kwa ramani. Tochi ya kuvaa kichwani na betri za akiba si mzigo.

Njia ya Wasdale inafuata kijito cha Lingmell Gill, inakivuka, kisha inapanda mgongo uitwao Brown Tongue hadi mahali penye mawe makubwa, Hollow Stones. Hapo inagawanyika. Tawi la kulia linakwenda Mickledore, pengo lililo kati ya mlima huu na jirani yake Scafell, na linamalizikia kwenye mteremko mkali wa mawe yasiyotulia. La kushoto ni refu kidogo lakini jepesi: linazunguka hadi karibu na Lingmell Col, pale mlima unapobonyea kabla ya kuinuka tena kuwa kilele cha Lingmell, kisha linageuka kusini-mashariki kwenda juu. Mgeni ashike la kushoto, kupanda na kushuka.

Sasa kileleni. Msitegemee ncha, ni uwanja mpana wa majabali, na majabali hayashiki alama ya nyayo. Marundo ya mawe yanayoonyesha njia yapo, lakini yapo kila upande, kwa sababu njia zinaingia kutoka pande tofauti. Kaskazini-magharibi ni Lingmell Col na nyumbani Wasdale. Kusini-magharibi ni Mickledore. Kaskazini-mashariki ni njia ndefu ya Esk Hause. Katika ukungu zote zinafanana, na ushauri wenu wa “kufuata walio mbele” unaweza kumpeleka msomaji kwenye gari la mtu mwingine, bonde lingine kabisa.

Kosa baya kuliko yote hutokea chini kidogo, eneo la Lingmell Col. Kaskazini mwake linaanzia korongo la Piers Gill. Mwanzo wake ni mpole, nyasi na kijito chembamba, na maji yake kweli yanateremka hadi Wasdale Head. Hapo ndipo mtego ulipo: mtu akiangalia ramani kwa haraka, au akiliona bonde kwa chini, anajiambia kwamba maji yatamfikisha. Mbele kidogo kuta zinambana, yanafuata maporomoko asiyoweza kuyashuka, na mwamba mtelezi alioushuka kwa kuteleza hawezi kuupanda tena. Anayetaka Wasdale akifika hapo ateremke upande wa magharibi, kuelekea Hollow Stones. Akiona kijito kinaanza kuzama kati ya kingo mbili, arudi juu wakati ardhi bado ni nyasi. Dakika 20 za kupanda tena hazijamwumiza mtu.

Kosa la pili ni la wenye nguvu. Kutoka Mickledore, kilele jirani cha Scafell, mita 964, kinaonekana kuwa karibu sana, na mbele yake kuna ngazi za mwamba ziitwazo Broad Stand. Hiyo si njia ya miguu. Ni mwamba wa kukwea kwa kamba, na watu wamekufa pale. Anayeitaka Scafell ateremke upande wa bonde la Eskdale, apandie kwenye kiziwa kiitwacho Foxes Tarn. Atapoteza mwinuko mwingi kisha aulipe upya, na hakuna ujanja wa kuukwepa.

Dira, basi. Kazi hii ifanyike kabla ya kuondoka kileleni, si baada ya kupotea. Weka ukingo wa dira kwenye ramani kutoka kilele hadi Lingmell Col, mshale wa safari ukielekea unakokwenda. Zungusha kibao cha mviringo chenye namba za nyuzi (digrii) mpaka mistari yake ilingane na mistari ya kaskazini-kusini ya ramani, na alama ya kaskazini iwe upande wa juu wa ramani. Kisha inua dira, geuka wewe mwenyewe mpaka sindano nyekundu ikae ndani ya alama yake. Ukikiweka kibao kinyume, utaelekezwa kusini-mashariki, Eskdale, na kutoka huko kurudi Wasdale kwa barabara ni mzunguko mrefu mno. Ukikosea kwa nyuzi 10 tu, baada ya mita 500 umeshatoka nje ya mstari kwa karibu mita 90. Simu iwe mbali na dira, maana inaivuruga sindano. Na kwa kuwa juu ya majabali hakuna anayeweza kutembea moja kwa moja, chagua jiwe lililo kwenye mstari, lifikie kwa njia yoyote, ndipo upime tena.

Ramani inayofaa ni ya Ordnance Survey, shirika la ramani la huko, namba OL6, skeli 1:25,000. Vistari vya kijani juu yake vinaonyesha haki ya kupita, haviahidi kwamba kuna njia ardhini. Njia inayoonekana huchorwa kwa vistari vyeusi. Mistari ya mwinuko imepishana kwa mita 10, hivyo mwamba wa mita nane unaweza usionekane kabisa.

Maji nayo. Seathwaite, upande wa pili wa milima hiyo, hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Lingmell Gill uliyoiruka asubuhi kwa mawe inaweza kuwa imefurika alasiri. Ikiwa hivyo, usijaribu. Juu pia kuna baridi zaidi, takriban nyuzi sita chini ya bondeni hata kabla upepo haujahesabiwa, kwa hiyo koti la mvua na suruali yake viwe mkobani hata Julai. Theluji ikigandamana, mtu asiye na shoka la barafu na meno ya chuma ya kufunga kwenye buti, na asiyejua kuvitumia, abaki chini.

Kuhusu yale mashindano mliyoyasifia, ya kupanda Ben Nevis ya Scotland, Scafell Pike na Snowdon ya Wales ndani ya saa 24, sina neno zuri. Sehemu kubwa ya saa hizo ni barabara, na Scafell Pike mara nyingi huangukia usiku, wakati mbaya kuliko wote wa kuitafuta Lingmell Col.

Mtu akiumia, apigiwe 999 au 112, waombwe Polisi, kisha Mountain Rescue, kikosi cha uokoaji milimani. Ni watu wa kujitolea na hawatozi malipo. Wasdale mtandao wa simu ni wa kubahatisha, kwa hiyo mwenye laini ya Uingereza ajiandikishe mapema kwenye huduma ya ujumbe mfupi wa dharura kwa kutuma neno “register” kwenda 999. Ujumbe mfupi hupita mahali ambapo sauti haipiti. Pasipo mtandao kabisa ni filimbi: mipigo sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia, na usiache hata ukijibiwa, kwa sababu wanaokuja wanaifuata sauti hiyo.

Msomaji wenu