Sheria ilivyovunja usawa wa Chuo cha Berea

Ndugu Mhariri,

Chuo cha Berea, jimbo la Kentucky, Marekani, hutajwa kwa sifa ya kudahili weusi na weupe, wanaume kwa wanawake, tangu karne ya 19. Sifa hiyo ni ya haki, lakini kisichosimuliwa ni jinsi usawa huo ulivyovunjwa kwa miaka 46.

Mchungaji John G. Fee, mpinga utumwa, alianzisha shule ya chumba kimoja mwaka 1855, na Desemba 1859 wenye watumwa wakamfukuza jimboni pamoja na wenzake. Alirudi Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vilipokwisha. Mwaka wa masomo 1866–67 chuo kilikuwa na wanafunzi 187: weusi 96, weupe 91.

Mwaka 1904 Bunge la Kentucky likapitisha sheria ya mbunge Carl Day. Ilitungwa kwa umakini wa kutisha. Chuo kitakachowafundisha weusi na weupe pamoja kilipe faini ya dola 1,000, kisha dola 100 kwa kila siku kitakayoendelea. Mwalimu naye atozwe. Mwanafunzi dola 50 kwa siku. Tawi la kuwatenga weusi lingeruhusiwa, mradi liwe umbali usiopungua maili 25. Shule za umma zilikwishatenganishwa, hivyo pigo liliiangukia Berea.

Chuo kilikata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, kikashindwa mwaka 1908. Hoja iliyokiangusha ni hii: chuo ni shirika lililosajiliwa na jimbo, na jimbo lina mamlaka ya kubadili hati yake ya usajili. Haki ya mwanafunzi mwenyewe ikawekwa kando. Jaji John Marshall Harlan, mzaliwa wa Kentucky, alipinga vikali. Ndiyo maana tunasema usawa wa udahili ulindwe na sheria ya nchi. Hati ya chuo peke yake haitoshi.

Ila tusilitupie bunge lawama zote. Rais wa chuo William Goodell Frost, aliyeingia mwaka 1892, alielekeza juhudi kwa weupe wa milimani, na uwiano wa weusi ulikuwa umeshuka kabla ya sheria. Mwanahistoria mweusi Carter G. Woodson alihitimu hapo 1903, akaiwahi sheria.

Berea ilichangisha fedha, na mwaka 1912 shule ya Lincoln Institute ikafunguliwa kwa ajili ya weusi. Sheria ililegezwa mwaka 1950, tena kwa vyuo vya juu ya sekondari tu vilivyoridhia vyenyewe. Berea iliridhia mwaka huo huo.

Walimu wa historia,
Morogoro