Aksanti sana, papa wa Buhene

Papa uliyenikuta Buhene na kamera shingoni, jina lako sikulipata, lakini aksanti yangu ikufikie popote ulipo hapa Goma.

Nilikuwa napiga picha za makoro (mawe ya lava iliyoganda) ya Nyiragongo, mlima wetu wa moto, yale yaliyoshuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021 yakaganda mlangoni mwa mji. Ukanishika mkono, ukanionyesha pa kukanyaga, maana juu unaona jiwe gumu kumbe chini ni shimo. Kisha ukaniambia nisubiri jua literemke. Kweli kabisa! Saa sita mchana makoro ni weusi mtupu. Mwanga wa jioni ukipita pembeni, kila mkunjo unajitokeza, unaona jinsi ule moto ulivyotiririka kama uji. (Wenye kamera, punguzeni mwanga kidogo: kamera ikiona weusi mwingi hudhani ni giza, na jiwe linatoka kijivu.)

Ukanionyesha pia mahali nyumba yako iliposimama. Pale sikupiga picha, nilisimama nawe tu.

Papa, picha moja kubwa nimekuchapishia. Iko studio, Birere. Nenda uichukue, imeshalipwa.