Chingamu ya nikotini si dawa ya kupunguza mwili

Ndugu Mhariri,

Mpwa wangu ana miaka 22 na hajawahi kushika sigara. Wiki mbili zilizopita alinivuta pembeni akaniuliza, "Mjomba, zile chingamu ulizokuwa ukitafuna ulipoacha sigara, zimebaki?" Nilidhani anamtafutia rafiki yake. Kumbe anazitaka mwenyewe, apungue mwili. Wenzake wamemwambia ukitafuna moja asubuhi, njaa huioni mpaka jioni.

Nianze na lililo kweli, maana nikilificha vijana watajua nawaficha. Nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayomnasa mvutaji, hupunguza hamu ya kula. Inapofika kwenye ubongo huamsha neva za hipothalamasi, ile sehemu inayosimamia njaa na shibe, na mwili hujiona umetosheka. Mwaka 2011 watafiti waliionyesha njia hiyo kwa panya. Wauza sigara walikuwa wameshaigeuza biashara zamani: mwishoni mwa miaka ya 1920, nchini Marekani, matangazo ya Lucky Strike yaliwahimiza wanawake wachukue sigara badala ya kitu kitamu. Wangapi waliingia kwenye tumbaku kwa mlango huo wa wembamba, Mungu ndiye ajuaye.

Chingamu yenyewe ilibuniwa kwa ajili yetu sisi tuliokwisha kunasa. Mkemia wa Uswidi, Ove Fernö, aliitengeneza baada ya kupata habari za mabaharia wa nyambizi ambao, wakikosa ruhusa ya kuvuta chomboni, walijituliza kwa tumbaku ya mdomoni. Uswisi iliiidhinisha mwaka 1978, Marekani mwaka 1984. Humpa mvutaji nikotini kidogo bila moshi wala lami, arosto ikapoa, naye akapunguza idadi ya chingamu taratibu hadi aache, kwa kawaida ndani ya wiki 12 hivi. Mimi nilivuta miaka 17 na ndiyo iliyonitoa. Siisemi kwa ubaya hata kidogo, na mvutaji anayesoma barua hii asiiogope.

Lakini naijua mdomoni ilivyo. Haitafunwi kama chingamu ya kawaida. Unaitafuna polepole mpaka uhisi mwasho kama wa pilipili, kisha unaibana kati ya shavu na ufizi itulie. Mwasho ukiisha unatafuna tena, hivyo hivyo kwa nusu saa. Siku za kwanza nilitafuna kwa pupa na kumeza mate. Nilipata kwikwi, kiungulia, na kichefuchefu cha kunifanya niketi chini. Na mimi nilikuwa mtu wa pakiti nzima kwa siku! Mwili usioizoea nikotini utakuwaje? Kizunguzungu, moyo kwenda mbio, pengine kutapika. Nina hakika baadhi ya wanaosifu kwamba chakula hakiwapiti kooni wanasifu kichefuchefu, wakidhani ni shibe.

Hilo la "mpaka jioni" nalo si kweli. Baada ya saa mbili hivi, nusu ya nikotini iliyokuwa kwenye damu imeshaondoka. Kwa hiyo utahitaji nyingine, halafu nyingine, na baada ya wiki chache hutafuni tena kwa sababu ya uzito. Unatafuna kwa sababu ukiacha unakosa usingizi, unakuwa na hasira za ajabu, huwezi kutulia. Na dalili mojawapo ya kuikosa nikotini ni njaa kali. Wanaoacha sigara huongezeka wastani wa kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza. Chingamu huchelewesha ongezeko hilo. Ukishaiacha, kilo zinakuja. Mimi zilinijia na nilizipokea kwa furaha, maana nilijua nimezibadilisha na nini. Binti asiyevuta atazibadilisha na nini? Atakuwa amejitafutia arosto ambayo hakuwa nayo, kisha aiache akiwa na njaa kuliko siku aliyoanza.

Nikotini pia hupandisha shinikizo la damu na kudhoofisha kazi ya insulini, ile homoni inayodhibiti sukari kwenye damu. Ubongo nao unaendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, kwa hiyo wa kijana kama mpwa wangu bado uko hatarini. Mjamzito asiiguse bila ushauri wa daktari.

Yote hayo nilimweleza mpwa wangu akanisikiliza kwa adabu, na nikaona hayamwingii. Ndipo nikamuuliza nilichopaswa kuuliza mwanzo: unakula nini? Akanyamaza. Kisha akasema miezi minne sasa hali kitu cha asubuhi, na siku nyingine analala bila kula. Uzito wake ni wa kawaida kabisa. Alikuwa anatafuta namna ya kunyamazisha mwili uliokuwa ukimlilia chakula. Kwa mtu aliye katika hali hiyo, ambaye moyo wake huenda umeshachoka kwa kukosa chakula, kumwongezea dawa inayouharakisha moyo na kuizima njaa ni jambo la hatari, na hata mfamasia makini hawezi kulijua asipouliza.

Kwa hiyo nawaomba wauza dawa: kijana akija kununua chingamu ya nikotini, mwulizeni kama anavuta sigara. Swali hilo moja linatosha kufungua mazungumzo. Nanyi wajomba, mashangazi na wazazi, msimcheke binti au kijana wa kiume anayewajia na ombi kama hili. Mimi nusura nicheke, na ningecheka asingeniambia habari ya kulala njaa.

Mpwa wangu amekubali nimsindikize kwa daktari wiki ijayo. Nakuomba, Mhariri, umtafute mtaalamu wa lishe aandike katika kurasa zako za afya kuhusu vijana wanaojinyima kula, aeleze dalili zake na msaada unapopatikana. Aandike kwa lugha ya upole, kwa sababu mpwa wangu na wenzake watasoma.

Wako,
Mjomba aliyeacha sigara