Picha ya mzee bila lugha yake haijakamilika

Mhariri,

Nashukuru kwa ukurasa mzima mlioutoa kwa picha za wazee wa Waaborijini, wenyeji asilia wa Australia. Ni picha nzuri mno. Ila chini ya kila uso mmeandika "mzee Mwaborijini", basi. Anazungumza lugha gani? Waingereza walipoanza kuhamia kule mwaka 1788, zilikuwepo lugha zaidi ya 250. Uchunguzi wa kitaifa wa 2018–2019 ulikuta ni 12 tu ambazo watoto bado wanakua nazo kama lugha ya kwanza. Kwa hiyo lugha ya mzee ndiyo habari yenyewe.

Uso usio na jina una historia chungu huko. Mwaka 1938 na 1939, wanaanthropolojia Norman Tindale na Joseph Birdsell walizunguka makazi ya Waaborijini, Palm Island huko Queensland ikiwemo, wakiwapiga watu picha za mbele na za ubavu na kuwapa namba, utadhani mahabusu. Bahati njema, Tindale aliandika pia nasaba zao, na nasaba hizo ndizo wajukuu wanazozitumia leo kutafutia jamaa zao. Msanii Vernon Ah Kee alizitumia picha hizohizo kuchora sura kubwa za watu wa ukoo wake.

Tazameni pia Adelaide, mji wa kusini mwa Australia. Ivaritji, mwanamke anayetajwa kuwa wa mwisho kukijua vizuri Kikaurna, lugha ya Wakaurna wa eneo hilo, alifariki mwaka 1929. Picha yake ipo, amejifunika joho la ngozi ya wallaby, mnyama kama kangaruu mdogo, nami kila nikiitazama naumia. Lakini picha hiyo haikutosha kuirudisha lugha. Wazao wa Wakaurna walianzia kwenye sarufi na msamiati uliochapishwa mwaka 1840 na wamisionari wawili wa Kijerumani, Teichelmann na Schürmann, na sasa Kikaurna kinafundishwa tena.

Jamii nyingi za kule, mtu akifa, hukwepa kutaja jina lake au kuonyesha picha yake wakati wa msiba. Ruhusa ya familia, basi, si jambo la kuruka.

Naomba mkirudia habari hii, mtaje lugha ya kila mzee na eneo la watu wake, na jina lake kama wenyewe wameridhia. Wakikubali, wekeni kwenye tovuti yenu sauti yake hata ya dakika mbili, akisimulia analotaka yeye, na nakala yake ipelekwe kwa familia kabla yetu sisi wasomaji.

Msomaji wenu