Zamu ikibadilishwa ghafla, mfanyakazi alipwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo nililitenda mwenyewe kwa miaka kadhaa kabla ya kutambua uzito wake, nalo ni kuwabadilishia wafanyakazi zamu kwa taarifa ya saa chache bila kuwalipa chochote kwa usumbufu huo.

Nilikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja cha kufungasha vyakula hapa Dar es Salaam. Zamu zilikuwa tatu: ya asubuhi ilianza saa 12, ya mchana saa 8 na ya usiku saa 4. Ratiba ya wiki ilibandikwa ubaoni kila Ijumaa, lakini kila mtu pale kiwandani alijua kwamba ratiba ya kweli ni ile inayokuja kwa simu. Usiku mmoja, yapata saa 3, nilimpigia mama mmoja aliyepangiwa kuingia mchana wa kesho yake nikamwambia aingie asubuhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, unga nimeshaukanda." Siku alizoingia mchana alikuwa akikaanga maandazi na kuyauza asubuhi mbele ya nyumba aliyopanga kule Chanika, na saa ile beseni lilikuwa limeshatiwa hamira na kufunikwa kanga. Unga wote aligawia majirani. Alfajiri alikodi bodaboda kwa kuwa asingeweza kusubiri daladala ijae, akamlipa binti wa jirani ampeleke mtoto shuleni, na saa 12 kamili alikuwa kwenye mashine. Mwisho wa mwezi hati yake ya mshahara ilionyesha kiasi kilekile cha siku zote, kwa sababu alikuwa amefanya kazi saa 8 kama kawaida, na katika vitabu vya kiwanda hakukuwa na lolote lililotokea siku ile.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikulisahau pato la mfanyakazi anayetumikishwa nje ya utaratibu. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Ovataimu hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Kazi ya usiku, yaani baada ya saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, huongezewa asilimia 5. Na anayefanya kazi siku yake ya mapumziko ya wiki au siku ya sikukuu hulipwa mara mbili. Kwa hiyo saa iliyozidi ina bei yake, na saa ya usiku ina bei yake, lakini saa iliyohamishwa kutoka mchana kwenda asubuhi haina bei yoyote. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri, masharti ya ajira yaliyoandikwa yanapobadilika, ashauriane na mfanyakazi na kumwarifu kwa maandishi. Hata hivyo mikataba mingi iliyopita mikononi mwangu ilikuwa na sentensi isemayo kwamba saa za kazi zitapangwa kulingana na mahitaji ya kazi, na kwa sentensi hiyo moja simu yangu ya saa 3 usiku ilihesabiwa kuwa ni utekelezaji wa mkataba.

Kuna jambo lingine ambalo wasimamizi wenzangu hulipita bila kuliangalia. Sheria inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, na inaruhusu muda huo upunguzwe hadi saa 8 kwa makubaliano ya maandishi katika mazingira maalumu tu, kwa mfano kwa mtu anayeishi mahali pa kazi. Aliyetoka zamu ya mchana saa 4 usiku akaitwa kuingia saa 12 asubuhi amepewa saa 8, na humo ndani atoe safari ya kwenda nyumbani, kula, kuoga na safari ya kurudi. Nimewaona watu hao wakisinzia wamesimama mbele ya mkanda wa mashine, na bado najuta kwamba baadhi yao niliwaita mimi.

Waajiri watasema kwamba kazi haitabiriki: umeme hukatika, mashine huharibika, oda huja ghafla, mtu huugua. Ni kweli, na kwa dharura ya namna hiyo msamaha uwekwe, na uwekwe pia pale wafanyakazi wawili wanapobadilishana zamu kwa hiari yao. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikipanga, na nasema wazi kwamba mara nyingi chanzo hakikuwa dharura. Chanzo kilikuwa likizo ya mtu iliyojulikana tangu mwezi uliotangulia, ambayo hakuna aliyekumbuka kuiangalia mpaka siku yenyewe ilipofika. Nilipiga simu kwa sababu kupiga simu hakukuigharimu ofisi kitu. Kiwanda hichohicho kilipochelewa kuondoa kontena bandarini kililipa tozo ya kuhifadhiwa, na kwa sababu hiyo kulikuwa na mtu aliyefuatilia tarehe za meli kila asubuhi.

Wenzetu wameanza kuiwekea bei simu hiyo. Jimbo la Oregon nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2017 inayowahusu waajiri wa maduka, hoteli na migahawa wenye wafanyakazi 500 au zaidi. Tangu mwaka 2020 ratiba hutolewa siku 14 kabla. Mwajiri akiibadilisha baada ya hapo hulipa malipo ya saa moja ya ziada, na akimpunguzia mfanyakazi saa alizokwisha kupangiwa hulipa nusu ya ujira wa saa hizo.

Kwetu siku 14 huenda zikawa nyingi kwa kuanzia, na sioni sababu ya kunakili kila kitu. Ninachopendekeza ni kwamba zamu inayobadilishwa chini ya siku 7 kabla ilipiwe saa moja ya ziada, inayobadilishwa chini ya saa 24 ilipiwe mbili, na mtu aliyefika getini akaambiwa arudi nyumbani alipwe nusu ya siku. Malipo hayo yawe na mstari wake kwenye hati ya mshahara, yasichanganywe na ovataimu. Bodi za Mishahara, ambazo kazi yake ni kumshauri Waziri kuhusu kima cha chini cha mshahara na masharti ya ajira katika sekta mbalimbali, zijadili jambo hili kabla ya Amri ya Mshahara itakayofuata, yaani tangazo la serikali linalopanga kima hicho. Wakati hilo likisubiriwa, vyama vya wafanyakazi vilivyo chini ya shirikisho lao, TUCTA, havina haja ya kungoja: mikataba ya hali bora, yaani ile ambayo chama hufunga na mwajiri kwa niaba ya wafanyakazi, hujadiliwa upya mara kwa mara, na kipengele hiki kinaweza kuingizwa mezani katika mazungumzo yajayo, sehemu kwa sehemu, kuanzia viwandani, hotelini na kwenye kampuni za ulinzi, ambako zamu ndiyo maisha ya watu.

Msimamizi wa zamu wa zamani,
Dar es Salaam