Bundi akiumia mtaani tumpeleke wapi? Tunaomba namba

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua, kuna jambo linanikera na nadhani sio mimi peke yangu. Hivi mtu akiokota ndege wa porini kaumia hapo nje kwake anampeleka wapi? Ng'ombe akiumwa tunajua, afisa mifugo wa kata yupo. Mbwa akimng'ata mtoto tunajua pa kukimbilia. Ila ndege wa porini, na hasa akiwa bundi, hakuna mwenye jibu, watu wanawaza mafuta ya taa na kiberiti tu.

Limetokea mtaani kwetu hapa Kihonda juzi kati. Watoto wanaenda shule asubuhi wakamkuta babewatoto kwenye mtaro pembeni ya barabara, bawa moja linaburuta, jicho moja limejaa damu. Ni yule bundi mweupe mweupe mwenye uso umbo la kopa. Na kwa kona ile wala sishangai, malori ya mahindi yakiruka matuta pale yanamwaga punje, punje zinaleta panya, panya wanamleta bundi, na huyu akiwinda anapita chini chini usawa wa taa za gari, sasa bodaboda inakuja spidi usiku unategemea nini? Lakini nenda kawaeleze watu! Saa moja haijafika tayari kuna kundi, mmoja kashika tofali, mwingine anauliza mtaa huu nani anaumwa maana ndo kafuatwa huyo, na mzee mmoja ninayemheshimu sana akasema achomwe pale pale, majivu yakamwagwe njia panda.

Nikamrushia kanga, nikambeba. Bundi ukimfunika kichwa akawa gizani anatulia, kule kufoka na kugongagonga mdomo kote kunaisha. Cha kuogopa kwake sio mdomo, ni zile kucha, kwahiyo ukimshika hakikisha miguu umeibana ndani ya nguo la sivyo utaenda kushonwa wewe. Nikamweka kwenye boksi la biskuti lenye vitundu, chini nimetandika taulo kuukuu, nikafunga juu, nikaliweka chumbani mbali na watoto na mbali na redio. Sio kwenye tenga la kuku jamani. Kwenye tenga anaona watu, anapiga piga mabawa, manyoya yanakatika na lile bawa bovu linazidi kuharibika, halafu kuku wako na yeye wanaweza kuambukizana magonjwa. Na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni.

Sasa hapo ndo wema wa majirani ukaanza kuwa hatari kuliko tofali. Dada mmoja kaja na kikombe cha maji na kijiko anataka amnyweshe, mwingine kaleta ugali umelowekwa kwenye maziwa. Nashukuru kwa moyo wao ila hapana. Ndege tundu la koo la hewa liko pale pale nyuma ya ulimi, ukimmiminia maji unayapeleka kwenye mapafu, na wengi wanakufa kwa hilo na sio kwa jeraha, mtu anabaki anasema "alikuwa wa kufa tu". Maziwa hayamhusu ndege yeyote. Ugali bundi hajui hata ni nini, huyu anakula nyama na mifupa yake, panya mzima mzima anameza. Na aliyetoka kugongwa kwanza hataki chakula, anataka giza, joto na kimya, basi.

Kuna kitu kilitokea siku ya pili nilicheka mpaka machozi. Nimefungua boksi nakuta kitonge cheusi kinang'aa, kama kidole gumba hivi, kizito, kimesokotwa manyoya. Jirani yangu kuchungulia tu akapiga kelele, "Kacheua hirizi!" Nyumba nzima ikatoka nje. Bahati nzuri alikuwa ameshafika kijana mmoja anasomea udaktari wa mifugo pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, nilimpata kupitia mteja wangu wa cherehani, akachukua kijiti akakichambua kile kitonge kwenye gazeti mbele ya watu wote. Taya la panya likatoka na meno yake ya njano, likatoka fuvu, mbavu nyembamba kama uzi, halafu fuvu la pili. Akawaeleza kwamba bundi hasagi mifupa wala manyoya, anayafinyanga tumboni na kuyatapika, ndo kazi ya kila siku. Yule mzee wa majivu akauliza hao panya kawatoa wapi. Kijana akamjibu, "Si hapa hapa kwenu, mzee." Kimya. Maana kila mwenye stoo ya mahindi mtaa huu analia na panya, na bundi mmoja wa aina hii anakula panya kadhaa kwa usiku mmoja, akiwa na makinda ndo usiseme. Halafu sisi tunanunua sumu ya panya, panya aliyekula sumu anayumba yumba nje, bundi anamuokota, sumu inaingia kwake naye anavuja damu ndani kwa ndani. Tunamuua mara mbili.

Bawa halikuvunjika, lilitenguka. Kuhusu jicho kijana alisema huenda halitarudi ila sio mwisho wa maisha, bundi huyu anawinda zaidi kwa masikio, sikio moja liko juu kidogo ya lingine na ndivyo anavyojua panya yuko wapi hata kwenye giza totoro. Akaondoka naye kwa matibabu na mpaka naandika barua hii bado yuko huko, akipona atarudishwa kuachiwa jioni maeneo haya haya maana ndo anakoyajua, na pengine ana mwenzie.

Sasa mhariri nirudi kwenye kero yangu. Kabla sijampata huyo kijana nilipiga simu ofisi moja, sitaitaja, nikaambiwa "mama we umekosa kazi?" Ofisi nyingine wakasema nimlete mwenyewe, nilipouliza nimlete nani ampokee simu ikakatwa. Wakati huo huo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema kumkamata au kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa, na ndege ni wanyamapori pia. Kwahiyo nikimuacha mtaroni anachomwa, nikikaa naye ndani naweza kuulizwa kibali, na nikipiga simu nachekwa. Raia afanyeje?

Na sisemi kila ndege aliye chini ni mgonjwa. Kinda lenye manyoya linarukaruka uani mara nyingi mama yake yuko juu ya mti anakuangalia wewe uondoke, mfukuze paka tu, likiwa njiani liinue uliweke kwenye kichaka, yale maneno kwamba mama atalikataa kisa limeguswa na binadamu sio kweli. Kunguru wa shingo ya kijivu naye ni habari nyingine, wale waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na sasa wanamaliza mayai na makinda ya wenzao, mimi hao siwaonei huruma sana, mnisamehe. Na ukikuta ndege ana pete mguuni usidhani ni jasusi. Mwanzoni mwa 2024 huko Siaya, Kenya, alinaswa ndege mla samaki kwenye neti ya wavuvi, pete yake imeandikwa Helsinki, kumbe katoka Finland. Wenzetu walipiga simu, KWS, shirika lao la wanyamapori, wakaja kumchukua. Alikufa baadaye, ila angalau kulikuwa na wa kupigiwa!

Ombi langu ni dogo. Gazeti lenu liwaulize TAWA, yaani mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, na halmashauri zetu, raia wa mjini akimkuta ndege kaumia apige namba gani, na anayepokea awe amefundishwa asicheke. Namba hiyo ibandikwe ofisi za serikali za mtaa, pale pale yanapobandikwa matangazo ya chanjo na ada ya taka. Na kama huduma yenyewe haipo watuambie wazi, tujue tunawategemea wanafunzi, tuanze hata kuwachangia nauli.

Fundi cherehani,
Kihonda, Morogoro