Risala ya Kikundi cha Wakuza Miche ya Nyanya, Manispaa ya Tabora, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa kata, mabwana na mabibi shamba, wakulima wenzetu,

Karibu Tabora. Vitalu umekwisha kuviona, kwa hiyo tunaomba tuzungumzie kilichomo ndani ya mbegu.

Mwezi Mei 2012 ilichapishwa jenomu ya nyanya, yaani mpangilio mzima wa vinasaba vyake, kutoka aina ya Heinz 1706: kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) 12, na jeni, yaani vinasaba vyenyewe, zipatazo 35,000. Mwaka 2019 watafiti wakalinganisha nyanya 725, za shambani na za mwituni, wakakuta jeni 4,873 ambazo hazimo kwenye ramani ile ya kwanza. Miongoni mwa jeni zilizopotea binadamu alipokuwa akichagua nyanya za kupanda, nyingi ni za kujikinga na magonjwa.

Kwetu hilo linagusa moja kwa moja, kwa sababu ya tumbaku. Tumbaku na nyanya ni ukoo mmoja, na minyoo fundo, vijidudu vya udongoni vinavyoshambulia mizizi, inayobaki kwenye udongo wa kichanga baada ya tumbaku huhamia kwenye nyanya. Mmea hunyauka mchana ilhali udongo una maji. Ukiung'oa, mizizi imejaa vinundu. Kinga yake ni jeni Mi-1, iliyotolewa kwa nyanya-mwitu Solanum peruvianum, nayo imekaa kromosomu ya 6.

Zamani mzalishaji wa mbegu alipanda kwenye udongo wenye minyoo, akangoja wiki kadhaa ndipo ahesabu vinundu. Leo anakata kipande cha jani changa, anakisaga, anakipasha moto kwenye dawa kwa nyuzi 65, anatenga DNA inayobeba vinasaba, anairudufu kwa PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi), kisha anasoma mistari kwenye jeli, ambako vipande hujipanga kwa urefu. Kwa kipimo cha Mi23, kinachotafuta Mi-1, mstari wa herufi 380 za DNA una kinga, wa 430 hauna, na mche wenye mistari yote miwili umerithi kinga kwa mzazi mmoja tu. Jani lililokomaa halifai: uchafu wake unaweza kuzuia PCR, mistari isitokee.

Kipimo cha zamani cha Mi-1, REX-1, kiliwahi kuwapotosha wengi. Kilisoma "kinga ya minyoo ipo" kwenye mimea yenye Ty-1, jeni inayozuia rasta, ugonjwa unaoenezwa na inzi weupe. Ty-1 nayo iko kromosomu ya 6, jirani na Mi-1. Faida ya jenomu iliyosomwa vizuri ni hiyo: unajua kipimo chako kinagusa wapi na kiko mbali kiasi gani na jeni unayoitafuta.

Kwa ujirani huo, kuziweka jeni hizo kwenye kromosomu moja ni kazi ngumu. Njia nyepesi ni mzazi mmoja alete Mi-1, mwingine Ty-1, na chotara apate zote. Hapo ndipo mkulima anapoumia akikamua mbegu za chotara huyo: takriban robo ya miche itakosa kinga ya minyoo, na robo nyingine itakosa ya rasta. Bei ya pakiti inauma, lakini hasara hiyo inauma zaidi.

Mi-1 yenyewe hulegea udongo ukipita nyuzi 28. Septemba na Oktoba hapa Tabora udongo ulioachwa wazi hufika huko kirahisi, kwa hiyo tunatandaza mabua ya mpunga unene wa sentimita 5 hivi, bila kugusa shina. Kuhusu kantangaze, mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, tusidanganyane: muuzaji akikuambia mbegu yake haishambuliwi, mwulize ni jeni gani.

Mheshimiwa, tuna maombi mawili. Kwanza, utusaidie kupata maabara yenye PCR itakayopokea majani yetu. Tutayakausha kwa silika jeli na kuyatuma kwenye bahasha za karatasi, kila mche na namba yake. Pili, wauzaji wa mbegu waeleze kwa Kiswahili maana ya herufi za kinga V, F, N na TY zilizo kwenye pakiti, na waseme wazi kama mbegu ni chotara.

Tunaomba kuwasilisha.